Anwani Yenye Asilimia

Niacinamide 10% + Zinc 1%. Anwani imeishia hapo. Haina kitenzi, haina nafsi, haina hata kivumishi kimoja. Imechapwa kwenye lebo nyeupe ya kichupa cha kioo cha mililita 30 chenye pipeti, na tangu kampuni ya Deciem ya Toronto, Kanada, ilipoanzisha chapa ya The Ordinary mwaka 2016, kichupa hicho kimezunguka dunia mikononi mwa watu wenye ngozi ya mafuta: wale ambao poda ya asubuhi imeshayeyuka kabla ya adhuhuri, na ambao wakisogelea kioo huona matundu ya vinyweleo puani na mashavuni kabla hawajauona uso wenyewe.

Lebo ya kipodozi ni utungo. Ina anwani, msimulizi, wahusika, njeo na kiitikio. Ina kanuni za umbo zinazombana mtunzi wake kama mizani na vina vinavyombana malenga. Na inasomwa kwa shauku na mtu aliye tayari kutoa pesa kwa sababu ya neno moja tu. Tumezoea kuihukumu kwa maudhui: inafanya kazi au haifanyi, inasema kweli au inadanganya. Mimi naona swali la fani linatangulia. Jinsi sentensi zilivyojengwa ndiyo inayoamua tutaamini nini, na katika bidhaa za kukausha mng'ao na kufifisha matundu ya vinyweleo ujenzi huo umefanywa kwa ustadi mkubwa, ustadi ambao wasomaji wake hawajafundishwa kuuona.

Turudi kwenye anwani. Kwa miongo mingi majina ya krimu za uso yalikuwa ahadi: ujana, muujiza, nuru, hariri. Jina lilikueleza utakavyokuwa, halikukueleza umenunua nini. The Ordinary, chapa iliyojiita ya kawaida tangu siku ya kwanza, iligeuza mpangilio huo. Ilichukua orodha ya viambato, ambayo siku zote iliwekwa nyuma kwa herufi za kuumiza macho, ikakata vipande vyake viwili na kuvipandisha juu viwe jina. Kilichokuwa tanbihi kikawa anwani. Kwa mtu wa fani hili ni tendo kubwa, kwa sababu linabadilisha uhusiano wa msimulizi na msomaji. Krimu ya muujiza humwona msomaji kama mtu wa kubembelezwa. Kichupa hiki kinamwona kama mtu anayejua, au anayetaka kuonekana anajua, niasinamidi ni kitu gani.

Itazame pia ile alama ya kujumlisha. Mtunzi angeweza kuandika "na". Kiunganishi hicho huunganisha majina. Alama ya kujumlisha huunganisha viasi, na huja na hewa ya maabara na ya ubao wa hesabu. Lakini hesabu yenyewe haikukamilika. Kuna kumi, kuna kujumlisha, kuna moja, na hakuna alama ya kulingana. Upande wa jibu umeachwa wazi, na msomaji anaujaza mwenyewe kwa uso anaoutamani. Sijui lebo nyingine iliyopata ushirika mkubwa hivi wa msomaji kwa wino mdogo hivi. Pale ambapo jina la zamani lilitamka ahadi kwa sauti, hili linaacha pengo lenye umbo la ahadi.

Chini ya anwani kuna mstari wa pili, nao unaeleza kwa Kiingereza kwamba hii ni fomula ya vitamini na madini, yenye nguvu nyingi, kwa ngozi yenye chunusi na madoa. Kivumishi kilichozuiwa juu kimeruhusiwa chini. Nguvu nyingi kuliko nini? Mstari hausemi, na hauwezi kusema, kwa sababu nguvu yenyewe imeshathibitishwa machoni mwa msomaji na ile kumi iliyotangulia. Namba inatoa ushahidi, kivumishi kinatoa hukumu, na vyote viwili vimeandikwa na mkono mmoja.

Kiambato cha pili nacho kina jambo lake. Anwani inasema "Zinc", zinki. Geuza kisanduku usome orodha, utakuta kilichomo ni Zinc PCA, yaani chumvi ya zinki, ambamo zinki yenyewe ni kama sehemu moja ya tano ya uzito. Anwani imekata mkia wa jina, na haifafanui kama ile asilimia 1 ni ya chumvi nzima au ya madini peke yake. Silaumu ufupisho, kila mtunzi wa anwani hufupisha. Lakini anwani iliyojenga heshima yake juu ya usahihi imeuacha usahihi huo njiani kwa ajili ya mdundo. "Zinc 1%" inatamkika vizuri zaidi. Hapo ndipo tunapojua kwamba tunasoma kazi ya sanaa.

Sasa kiitikio. Katika lebo za bidhaa hizi, na katika maelezo yanayoambatana nazo, kuna neno linalorudi kila baada ya mistari michache: mwonekano. Hawaandiki kwamba bidhaa inapunguza matundu ya vinyweleo. Wanaandika kwamba inapunguza mwonekano wake. Hawaandiki kwamba inazuia mafuta. Wanaandika kwamba inasawazisha dalili zinazoonekana za mafuta. Msomaji mwenye haraka hulirukia neno hilo kama jiwe dogo njiani. Msomaji mwenye shaka hulishika na kupiga kelele kwamba amekamata ulaghai. Wote wawili wamelikosa.

Neno hilo ni sharti la arudhi. Sheria ya Marekani ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938 iligawa vitu kwa nia iliyotajwa: kipodozi ni kile kinachokusudiwa kusafisha, kupamba au kubadili mwonekano; kinachokusudiwa kuathiri muundo au utendaji wa mwili ni dawa. Mtengenezaji akiandika kwamba kichupa chake kinabana matundu au kinapunguza kazi ya tezi, amekihamisha kwa kalamu yake mwenyewe kwenda rafu ya dawa, huko kunakodaiwa majaribio ya miaka na idhini kabla ya kuuza. Umoja wa Ulaya una kanuni zake, ya 1223 ya mwaka 2009 kuhusu vipodozi, na ya 655 ya mwaka 2013 inayoweka vigezo sita vya madai, miongoni mwake ukweli, ushahidi na haki. Mtunzi wa lebo anaandika ndani ya kuta hizo. Kama mshairi wa tarbia anavyoshika kina cha kati na cha mwisho hadi kwenye kituo, naye anashika "mwonekano" hadi mwisho wa kisanduku, na kama katika ushairi, sharti lile lile linalombana ndilo linalompa mahali pa kujificha.

Na kuna bahati njema ndani yake. Tundu la kinyweleo ni mdomo wa kifuko cha unywele na tezi ya mafuta iliyoshikamana nacho. Halina msuli. Mvuke haulifungui na maji ya barafu hayalifungi, ingawa mazungumzo yetu ya saluni yamejaa kufungua na kufunga. Linaonekana kubwa kwa sababu tezi inatoa mafuta mengi, au kwa sababu mafuta na seli zilizokufa vimeziba mdomoni na kuupanua, au kwa sababu umri na jua vimelegeza ngozi inayolizunguka, au kwa sababu ndivyo ulivyorithi. Kwa hiyo kiitikio kilicholazimishwa na sheria kimekuwa sahihi kuliko lugha yetu ya kila siku. Mwonekano ndio hasa unaobadilika kwa urahisi.

Ili kuona mtunzi mwingine alivyoitumia arudhi hiyo hiyo, chukua The POREfessional ya kampuni ya Benefit. Benefit ilianzishwa San Francisco mwaka 1976 na ndugu pacha, Jean na Jane Ford, na ikanunuliwa na LVMH mwaka 1999. Hii ni praima, inayopakwa kabla ya faundesheni, na jina lake limefumwa kwa kulichanganya tundu la kinyweleo na mtaalamu wa kazi. Baadaye iliifuata poda ya kufuta mng'ao iliyoitwa Agent Zero Shine, jina la jasusi kamili. Utanzu umechaguliwa waziwazi: hadithi ya upelelezi. Mng'ao ni mhalifu, tundu ni maficho, na bidhaa ni kachero anayeingia kimya kimya. Hakuna asilimia, hakuna vitamini mbele. Kuna kicheko, na kuna mtindo wa vitabu vya katuni vya zamani unaoonekana kwenye michoro yake.

Kwa haraka mtu atasema huu ndio upande wa mapambo matupu na kile kichupa cheupe ndio upande wa sayansi. Nilivyozisoma, naona kinyume chake katika jambo moja muhimu. Fomula iliyoifanya praima hii ijulikane imejengwa juu ya familia ya silikoni, na kazi ya silikoni ni ya kimwili kabisa: inatandaza tabaka laini juu ya ngozi, inajaza kingo za matundu, na chembechembe zilizomo hutawanya mwanga ili kivuli kilichokaa ndani ya tundu kififie. Tezi haijaguswa. Mafuta yanaendelea kutoka chini yake. Ukinawa jioni, yote yameondoka. Sasa iweke kazi hiyo kando ya sentensi inayoieleza: inapunguza mwonekano wa matundu. Kitenzi na tendo vimelingana, hakuna kilichozidi. Bidhaa iliyovaa vazi la mchezo ndiyo ambayo sarufi yake inaeleza kilichotokea usoni, neno kwa neno.

Kile kichupa cheupe nacho kinatumia kiitikio hicho hicho, lakini anwani yake inavuta upande mwingine. Sentensi inasema mwonekano. Asilimia inasema kipimo cha dawa. Ukinzani huu ndio injini ya utungo mzima, na ndio uliouza vichupa. Msomaji anapewa kauli halali ya kipodozi ndani ya umbo la cheti cha mfamasia. Hakuna sentensi hata moja ya uongo. Uzito umewekwa kwenye mpangilio.

Kwa nini basi asilimia kumi? Niasinamidi ni umbo mojawapo la vitamini B3, na ina historia ya heshima katika utunzaji wa ngozi. Mwaka 2006 Zoe Draelos na wenzake walichapisha utafiti kuhusu athari zake kwa mafuta ya uso. Kwa Wajapani walioshiriki, kasi ya utokaji wa mafuta ilipungua baada ya wiki mbili na nne. Kwa watu weupe, kiasi cha mafuta kilichokuwa juu ya ngozi kilipungua baada ya wiki sita, ila kasi ya kutoka kwake haikubadilika kwa namna ya kuhesabika. Ni matokeo yenye tahadhari, yaliyotofautiana kati ya kundi na kundi, na ndiyo maana nayaamini. Mkusanyiko uliopimwa ulikuwa asilimia 2.

Mbili. Utafiti huo hauthibitishi kwamba kumi ni bure. Unathibitisha kwamba kumi si namba iliyotoka kwake. Kwa baadhi ya ngozi kuongeza kiasi huleta wekundu na muwasho kabla ya kuleta faida yoyote. Lakini jaribu kuiandika anwani upya: Niacinamide 2% + Zinc 1%. Imeanguka. Mbili na moja ziko karibu mno, hazina mshuko, hazina ukubwa. Zinaonekana kama mabaki. Kumi na moja zina ngazi kati yake: mkubwa na msaidizi, sauti nene na sauti nyembamba. Kumi ni namba kamili, namba ya vidole, namba ambayo kila aliyeketi darasani anaijua kuwa ni alama zote. Nasema hivi nikiuheshimu utungo: ile "10%" imechaguliwa kwa sikio na kwa jicho angalau kama ilivyochaguliwa kwa ngozi. Ndipo mahali lebo inapozungumza kwa sauti kubwa kuliko pengine pote, na ndipo inapothibitisha kidogo zaidi.

Sehemu ninayoipenda zaidi iko nyuma. Orodha ya viambato ya fomula hii imekuwa ikianza na Aqua, ikafuata Niacinamide, Pentylene Glycol, Zinc PCA, Dimethyl Isosorbide, Tamarindus Indica Seed Gum, Xanthan Gum, kisha vingine vichache vya kuyeyusha na kuhifadhi hadi Chlorphenesin. Huu ni utungo wenye sharti moja tu la mpangilio: kilicho kingi hutangulia. Hakuna kiunganishi, hakuna kitenzi, kuna mkato na kuvuta pumzi. Mtunzi haruhusiwi kumpandisha mhusika anayempenda. Maji lazima yaongoze, ingawa hakuna lebo inayotangaza kwamba unanunua maji.

Katika mstari huo mfupi mna ufichuzi ambao anwani haikuukusudia. Kati ya Niacinamide na Zinc PCA, wahusika wakuu wawili tulioambiwa wameunganishwa na alama ya kujumlisha bila chochote katikati, amesimama Pentylene Glycol. Ni kiyeyushi kinachosaidia pia kushika unyevu na kuzuia vijidudu, na kwa nafasi yake hawezi kuwa pungufu ya zinki iliyopewa jina kwenye paji la kichupa. Ukiondoa maji, ni mhusika wa pili kwa haki ya orodha, na anwani haimtaji. Anwani imemruka kwa sababu hana hadithi ya kusimulia. Sitaki kumgeuza shujaa; nataka tuone kwamba "10% + 1%" si muhtasari wa kilichomo. Ni uteuzi wa wahusika.

Kuna jambo zuri zaidi. Kanuni za uorodheshaji zinasema kwamba viambato vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Maana yake, kila orodha ya kipodozi ina mstari usioonekana: juu yake mpangilio una maana, chini yake mpangilio ni hiari ya mtunzi. Katika bidhaa nyingi msomaji hajui mstari huo uko wapi, na hapo ndipo watunzi wajanja huweka dondoo ya waridi au ya asali mbele ya vihifadhi ili ionekane nyingi. Kichupa hiki kimeupiga chapa mstari huo kwenye anwani yake. Zinki ni asilimia 1, inatuambia. Basi, kama asilimia hiyo ni ya chumvi nzima, mpaka umepita hapo hapo, na yote yanayofuata baada yake ni kidogo. Nilipoliona hili niliheshimu zaidi mtindo wa The Ordinary kuliko tangazo lolote lilivyoweza kunifanya. Asilimia zilizowekwa mbele kwa ajili ya mvuto zimemkabidhi msomaji ufunguo wa kuisoma nyuma.

Na chini ya mpaka huo amekaa jamaa yetu, Tamarindus Indica, ukwaju. Gundi ya mbegu zake imewekwa ili kimiminika kiwe kizito kidogo na kitulie juu ya ngozi. Mti ulio asili ya Afrika, ambao matunda yake tunayakamua juisi, umeingia kwenye lebo ya Toronto kwa jina la Kilatini na bila maelezo. Chapa nyingine ingeuchora mbele ya kisanduku pamoja na majani na jua. Hapa umeachwa katika kazi yake ya kufanya kimiminika kiwe kizito, na mimi naupenda unyamavu huo kuliko picha zote za mimea zinazopamba losheni za madukani.

Msomaji anayedhaniwa na tungo hizi ni nani? Mng'ao kwanza ni jambo la mwanga. Sehemu ya mwanga unaogonga tabaka la mafuta hurudi kama ulivyo bila kuingia ngozini. Ukija wima, ni kama asilimia 4, na kiasi hicho hakitegemei melanini. Kinachoitegemea melanini ni ule mwanga unaoingia ndani, ukatawanyika na kutoka tena: ngozi nyeupe huurudisha mwingi, ngozi nyeusi huumeza. Kwa hiyo mafuta yale yale, ya kiasi kile kile, hujitokeza zaidi kwenye uso mweusi kwa sababu yanaonekana juu ya uwanja wa giza. Msomaji wa Mombasa au Tabora ana sababu ya kifizikia ya kuuona mng'ao wake kuliko yule aliyechorwa kwenye kisanduku. Papo hapo chembechembe nyeupe za silika, zinazowekwa kwenye poda za kufuta mng'ao na kuitwa suluhisho, zinaweza, zikizidi, kumwachia vumbi la kijivu, na taa ya kamera ikipigwa harusini zikarudisha mabaka meupe kwenye picha. Wapambaji wa maharusi wanalijua hili kwa vidole vyao. Lebo inalinyamazia. Inasema kung'aa na kutong'aa kana kwamba uso wa mtu hauna rangi.

Isitoshe, msomaji huyu amelelewa katika utamaduni wenye hofu iliyo kinyume. Kwetu aibu ni kupauka. Mtoto hatoki nyumbani miguu ikiwa myeupe kwa ukavu. Anapakwa mafuta mpaka ang'ae, na kung'aa huko ni ushahidi kwamba ana mtu wa kumtunza. Mafuta ya nazi kwenye ngozi ya bibi harusi wa pwani hayakuwahi kuwa tatizo la kutatuliwa. Lebo ya kukausha mng'ao inamwomba msomaji wa namna hii abadilishe kwanza tathmini yake, ndipo anunue, na inafanya hivyo bila hoja, kwa kuuweka mng'ao katika nafasi ya kisarufi ya kitu kinachopunguzwa. Yambwa ya "kupunguza" tayari imehukumiwa kabla ya sentensi kwisha. Kwenye rafu ya pili, duka lile lile linauza seramu ya kuleta nuru. Tofauti kati ya mng'ao na nuru haipo kwenye kioo. Ipo kwenye kitenzi kilichotangulia.

Njeo za utungo huu zinastahili kuangaliwa pia, ingawa ni fupi. Maelekezo yanakuja kwa hali ya kuamuru: paka uso mzima asubuhi na jioni kabla ya krimu nzito zaidi. Amri ina wakati wa kuanza, haina wakati wa kumaliza. Utafiti ulikuwa na wiki, lebo haina. Fani hii haitaki tamati, kwa sababu tezi za mafuta hazipumziki: homoni huzichochea tangu balehe, na uso na kichwa ndipo zilipojaa zaidi. Mzunguko wa asubuhi na jioni hauna mwisho, kama mafuta yenyewe. Namba pekee ya mwisho iko kwenye kile kichoro kidogo cha kopo lililofunguliwa, kinachohesabu miezi tangu siku ya kufungua, na hiyo ni tamati ya kichupa, si ya hadithi.

Wepesi wa umbo una gharama nyingine ambayo Deciem haikuitunga lakini imeizaa. Karatasi nyeupe, herufi nyeusi, jina lisilo na mchoro: hakuna kitu rahisi zaidi kughushi, na kughushiwa kumetokea. Mnunuzi wa Kariakoo anayeangalia lebo anasoma mtindo ambao kila mwenye printa anaweza kuuiga. Nchini Tanzania udhibiti wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na kazi ya shirika hilo haisaidiwi na fani inayokataa mapambo. Mtindo wa unyoofu unahitaji kuaminika kwa mkono uliouandika, na mkono hauonekani kwenye karatasi.

Nimebakiza sentensi ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika matini hii, nayo haiko kwenye anwani wala kwenye orodha. Katika maelezo yake kuhusu bidhaa hii Deciem iliwahi kuandika kwamba ingawa niasinamidi na Zinc PCA vinaweza kupunguza mwonekano wa madoa, si kimoja wala mchanganyiko wao ulio tiba ya chunusi, na kwamba mwenye chunusi zisizokoma atumie benzoili peroksaidi au asidi ya retinoiki. Isome tena kwa jicho la utanzu. Msimulizi anaacha kusimulia bidhaa yake. Anataja dawa ambazo hazimo kwenye kichupa hiki, anazitaja kwa majina, na anamtuma msomaji huko. Kiitikio cha mwonekano, kilichokuwa kinga ya kisheria katika mistari mingine yote, hapa kinabeba maana yake kamili: haya tunayabadilisha kwa macho, yale mengine yanataka dawa. Mpaka kati ya kipodozi na dawa, ambao lebo nyingine zote huutembelea ukingoni, umechorwa waziwazi na mtu ambaye angefaidika ukibaki hafifu.

Sentensi hiyo inanifanya niisamehe ile kumi. Pia inanionyesha utungo huu ungekuwaje kama ungekuwa na ujasiri wa mtindo wake hadi mwisho. Kwa kuwa iliweza kuupandisha mstari wa viambato ukawa anwani, ingeweza kuipandisha na kauli hii kutoka kwenye maelezo hadi kwenye karatasi nyeupe ya mbele, chini ya alama ya kujumlisha, mahali ambapo sasa pameandikwa nguvu nyingi. Nafasi ipo. Herufi ni chache, karatasi karibu yote ni tupu, na kijana mwenye chunusi zinazouma, aliyekinunua kichupa kwa sababu ya namba, angeisoma kabla hajakifungua.